Programu ya kuchora sentensi na kufuata hoja kwenye Biblia: Biblearc, Logos, Accordance au Writer tu?

Msaka_Hoja:
Shalom wapendwa. Naombeni mnisaidie kuchagua. Kikundi chetu tunaanza kitabu cha Warumi na safari hii sitaki tuishie kusoma mstari mmoja mmoja halafu kila mtu aseme umemgusaje, nataka tuone Paulo anajengaje hoja yake, kipi kimeshikilia kipi. Nimesikia kuna programu za kuchora sentensi na nyingine za kufuata hoja, nikatafuta nikakutana na Biblearc, Logos, Accordance, wengine wanaitaja BibleWorks, wengine wanasema programu ya kawaida ya kuandikia inatosha. Kigiriki sijui, natumia Union Version na laptopu ya kawaida. Mliozitumia mnasemaje? Sio ipi ina mambo mengi, nataka ile itakayonifanya nisome vizuri zaidi.

FundiSarufi:
Karibu mkuu. Kwanza tutenganishe vitu viwili maana watu huvichanganya sana. Kuchora sentensi ni kuonyesha kila neno linafanya kazi gani ndani ya sentensi, kiima kipi, shamirisho ipi, chagizo ipi. Kufuata hoja ni kuonyesha kishazi hiki kina uhusiano gani na kile, ni sababu yake, ni matokeo yake, ni kusudi au ni sharti. Programu nyingi zina nguvu upande mmoja tu.

Ule uchoraji wa mistari unaouona kwenye programu nyingi unatokana na mfumo wa Reed na Kellogg, Wamarekani wawili walioutoa mwaka 1877 kwa ajili ya kufundishia Kiingereza. Unachora mstari mmoja wa kulala, kiima kushoto, kitenzi kulia, mstari wa wima unakatiza kati yao, maneno ya ziada yananing'inia chini kwa mshazari. Kwa Kiingereza unakaa vizuri, na kwa Kigiriki watu wameuzoea. Kwa Kiswahili unapata shida mapema sana. Chukua Yohana 3:16, "Mungu aliupenda ulimwengu". Neno "aliupenda" lina kiima ndani yake, lina wakati, lina na shamirisho, sasa utaliweka wapi bila kulikatakata? Halafu ukifika kwenye "kila mtu amwaminiye", hilo neno moja ni kishazi kizima, lina anayeamini, anayeaminiwa na urejeshi. Ukilichora kama neno moja umekificha kishazi, ukilikata vipande mwenye kusoma mchoro wako hataelewa.

Lakini mstari huohuo ukiupeleka kwenye kufuata hoja unafunguka wenyewe. Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe (matokeo), ili kila mtu amwaminiye asipotee (kusudi), bali awe na uzima wa milele (upande wa pili wa hilo kusudi, hasi na chanya). Vipande vinne tu na hoja yote iko mezani. Kwa anayetumia Biblia ya Kiswahili mimi nasema anza na kufuata hoja, na kwa hilo Biblearc ndiyo imetengenezwa hasa kwa kazi hiyo. Unagawa maandishi kwa vishazi, kila kimoja mstari wake, halafu unaviunganisha kwa matao pembeni na pale matao yanapokutana unaandika aina ya uhusiano. Njia yenyewe ilianzia kwa Daniel Fuller aliyekuwa akifundisha seminari ya Fuller kule Marekani, na mwanafunzi wake, mhubiri John Piper, ndiye aliyeitangaza sana. Uzuri wake ni huu, haikuachi upite juu juu. Huwezi kuunganisha vishazi viwili bila kusema vinaunganaje.

Mama_Neema:
Nakubaliana na FundiSarufi kwa sehemu kubwa ila naomba Logos isiachwe nyuma hivyo. Mimi naitumia kuandaa mafundisho. Ina sehemu ya kuchora sentensi ambapo unaingiza fungu lako, unachagua maandishi yaje kama mtiririko unaoweza kuyasogeza ndani na nje, au neno moja moja uyapange kwenye mistari. Ule mtiririko ndio naupenda, kishazi tegemezi nakisogeza ndani chini ya kile kinachotegemewa, nikimaliza naona mgongo wa fungu lote. Pia ina data zilizoandaliwa tayari zinazokuonyesha kila kishazi kinafanya kazi gani, unazifungulia pembeni unasoma nazo.

Ila ni nzito kwa laptopu yenye memori ndogo, na siku hizi wanakwenda kwa malipo ya kujiunga. Kuna toleo la bure la kuanzia, angalia kwanza lina nini kabla hujatoa hela.

FundiSarufi:
Hizo data zilizoandaliwa tayari ndizo zinanipa wasiwasi kwa anayeanza dada yangu. Mtu akifungua akakuta imeandikwa "sababu" anaridhika, hajajiuliza mwenyewe kwa nini ni sababu. Anapokea jibu la kazi ambayo hajaifanya.

Mama_Neema:
Hilo ni kweli nami nawaambia vijana wangu wachore kwanza ndio wafungue. Lakini mtu aliye peke yake, hana mwalimu karibu, atajuaje kama amepotea? Zinamsaidia kulinganisha.

Tito_msomi:
Naingilia kidogo kuhusu hizo nyingine mbili. BibleWorks sahau, kampuni ilifunga mwaka 2018, waliokuwa nayo bado wanaipenda sana kwa sababu ilikuja na michoro ya Agano Jipya lote la Kigiriki aliyoichora Randy Leedy, lakini kwa anayeanza leo hakuna sababu ya kuihangaikia. Accordance iko hai, ilianza kwenye Mac mwaka 1994 na sasa iko na kwenye Windows, ni nyepesi na dirisha lake la kuchora lina zile alama zote za Reed na Kellogg, unavuta tu. Ila uhondo wake uko kwa mtu anayefanya kazi na Kigiriki au Kiebrania, kwa sababu maandishi yamewekewa alama za sarufi neno kwa neno.

Nitetee kidogo kuchora sentensi hata hivyo, maana naona kimewekwa pembeni haraka. Chukua Waefeso 5:18-21. Kitenzi cha amri kinachobeba yote yanayofuata ni "mjazwe Roho". Halafu angalia vinavyofuata, mkisemezana, mkiimba na kumshangilia, kumshukuru Mungu, hali mnanyenyekeana. Kwa Kigiriki vyote hivyo vinaning'inia kwenye "mjazwe", na Union Version imejitahidi sana kulionyesha hilo kwa kiambishi "-ki-" na maneno "huku" na "hali". Ukisoma kwa kasi unaviona kama amri tano zinazofuatana, ukichora unaona ni amri moja na maisha yanayotokana nayo. Na kunyenyekeana ni sehemu ya kujazwa Roho, ndipo mstari wa 22 kuhusu wake na waume unapoanzia, katika baadhi ya nakala za kale sana mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake, unaazima kile cha 21. Biblia nyingi zinakata hapo kati na kuweka kichwa cha habari kipya! Mtu aliyechora hawezi kuhubiri 22 akaisahau 21.

FundiSarufi:
Tito umesema vizuri mno, na mfano huo nauchukua. Mimi ninachokataa ni ile mistari ya Kiingereza kulazimishwa kwenye Kiswahili, sio kuonyesha nani anamtegemea nani. Kusogeza ndani na nje tu kunatosha kuonyesha hiyo Waefeso 5 yote.

kalamu_mkononi:
Sasa mbona mnazungumzia programu za kulipia wakati mwenzetu amesema laptopu ya kawaida. LibreOffice Writer ni bure, inafanya kazi bila intaneti, fungua jedwali la safu tatu. Ya katikati weka vishazi, kila kimoja kisanduku chake, ya kushoto andika namba ya kishazi, ya kulia andika aina ya uhusiano. Usisogeze kwa spesi tumia tabo au ujongezaji, vinginevyo ukibadilisha fonti kila kitu kinavurugika. Ukitaka mishale na matao chukua draw.io, nayo bure na ina toleo la kuweka kwenye kompyuta likafanya kazi bila intaneti. Tulisoma shuleni kuchanganua sentensi kwa matawi na kwa jedwali na kwa mishale, hamna jipya hapo, ujuzi tayari tunao.

Na kitu kingine, ukikopi fungu kutoka kwenye apu ya Biblia ondoa namba za mistari kabla hujaanza kugawa. Hizo namba za Agano Jipya aliziweka Robert Estienne mwaka 1551, Paulo hakuziandika, na ukiziacha jicho linagawa hoja kwa namba badala ya kwa vishazi.

Msaka_Hoja:
Aisee nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni. Nimejaribu kwa jedwali la kalamu_mkononi kwenye Warumi 1:15-18, naomba mniangalie. Paulo yuko tayari kuihubiri Injili Rumi. Kwa nini? Kwa maana haionei haya. Kwa nini haionei haya? Kwa sababu ni uweza wa Mungu uuletao wokovu. Kwa nini ni uweza? Kwa maana haki ya Mungu inadhihirishwa ndani yake. Mpaka hapo raha. Nikafika 18, "Kwa maana ghadhabu ya Mungu imedhihirishwa kutoka mbinguni", nikakwama. Hii ni sababu ya nini? Ghadhabu inakuwaje sababu ya haki kudhihirishwa?

Mama_Neema:
Hapo ndipo kazi inapoanza mwanangu. Mimi naiunganisha na 17 moja kwa moja, haki ya Mungu imehitaji kudhihirishwa kwa imani kwa sababu bila hiyo wote wako chini ya ghadhabu. Na angalia kitenzi kimejirudia, inadhihirishwa, imedhihirishwa, hizo mbili zimewekwa zitazamane.

Tito_msomi:
Mimi naona 18 inashika kitu kikubwa kuliko 17 peke yake. Inabeba 16 na 17 kwa pamoja, kwamba Injili ni uweza wa kuokoa, kwa sababu kuna ghadhabu ambayo watu wanahitaji kuokolewa kutoka kwayo. Na maelezo ya hiyo ghadhabu yanaenda mpaka 3:20, ndipo 3:21 anarudi tena na haki ya Mungu.

FundiSarufi:
Hii tofauti yenu ndiyo kipimo kizuri cha programu kwa huyu mwenzetu. Kwenye jedwali, 18 utaandika tu "sababu" na utaendelea, hakuna kinachokuuliza sababu ya kipi. Kwenye matao lazima tao la 18 liishie mahali, ama linagusa 17 peke yake kama anavyosema Mama_Neema, ama linafunika 16 na 17 kama asemavyo Tito. Huo mkono wa tao kukosa pa kutua ndio ungekuonyesha mapema kuna swali hujalijibu. Mimi niko na Tito kwa hili, kwa sababu ya hiyo 3:21.

kalamu_mkononi:
Sikatai, ila hata jedwali linaweza, ongeza safu ya nne uandike "sababu ya kishazi namba ngapi". Ukilazimika kutaja namba tayari umechagua. Ila kweli ukiwa na sura nzima namba zinachosha macho, matao yanaonekana kwa mara moja.

Msaka_Hoja:
Basi nimeamua hivi. Vikao vya mwanzo natumia jedwali la safu nne kwenye Writer, naprinti kila mtu anapewa lenye vishazi tu, safu ya uhusiano iko wazi ajaze mwenyewe. Mimi nikiandaa nachora matao kwenye Biblearc kwanza, na Logos ya bure nitaifungua mwishoni kulinganisha kama alivyoshauri mama. Swali la mwisho, niwape fungu refu kiasi gani kwa kuanzia?

Mama_Neema:
Fupi. Warumi 5:1-5 inafaa sana, dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, tumaini, kila kimoja kinazaa kinachofuata na hata asiyewahi kuchora chochote atauona mnyororo. Hiyo 1:15-18 iweke kikao cha pili wakiwa wameshazoea, na usiwaambie jibu la 18.

Tito_msomi:
Na Waefeso 1:3-14 usiiguse mwanzoni, kwa Kigiriki ni sentensi moja ndefu yote hiyo. Wape baadaye, wakiwa na hamu.