Mwenzio kabadilika, si yule ulomjua: tupeane uzoefu

MwanaLangoni: Assalamu alaykum wenzangu. Jana nlikuwa nikahini huku Mkomani, Lamu, sheikh akawaambia maharusi "mtabadilika, jiandaeni", neno lile limenikaa usiku kucha. Nyinyi mliokaa na mtu miaka mmewezaje? Semeni ya kweli.

KusiKaskazi: Niko hapa nasoma.

MamaMahamri: Umenitonesha. Mume wangu alikuwa mvuvi wa usiku, tena wa kusifiwa. 2011 watalii walipotekwa Kiwayuu na Manda serikali ikapiga marufuku uvuvi wa usiku, na jarife, ule wavu mkubwa, ni kazi ya usiku. Basi kila baada ya isha anakaa ukumbini ashona jarife, hata pasipo tundu ashona, mimi kimya. Siku moja natoka sokoni nakuta amelikatakata kwa kisu cha samaki amelizungushia banda la kuku. Wallahi nililia kama nimefiwa. Tangu hapo si yule mtu, hasemi, akisema ni kufoka, alala darini peke yake. Mimi nikaanza kupika mahamri na mbaazi za kuuza, nikawa ndio mwenye pesa, nami nikabadilika jamani, sikuwa tena yule mwali wa kuinamisha kichwa. Ikafika chakula changu hali, atakula mkate wa duka na chai ya rangi mbele ya macho yangu, hapo ndipo paliponiuma kuliko pote. Halafu alfajiri moja nasikia mbuzi, kukuru kukuru, kushuka namkuta ameketi akuna nazi, tui la kwanza lishakamuliwa. Hakusema kitu. Mpaka leo ndiye akunae. Uvuvi ulipofunguliwa nikamuuliza kama atarudi baharini, akaniambia "nani atakukunia?" Nampenda huyu na yule wa mashua nampenda pia, utadhani nimeolewa mara mbili.

BintiShela: Mashallah. Nalia huku.

AbuuMokowe: Shida mabinti wa siku hizi hawana subira. Huyu mama ni wa zamani.

BintiShela: Kaka subira ya upande mmoja ni mateso. Mwenzio alisubiri huku akiamka saa tisa usiku kulisha nyumba, wewe waisema kama ni kitu cha kukaa barazani.

AbuuMokowe: Sijakutaja wewe.

MalindiYetu: Basi jamani. Wangu alikuwa mpishi hoteli ya Waitaliano huku Malindi, corona 2020 hoteli ikafunga, sasa aendesha tuktuk na amekuwa mtu wa msikitini sana, muziki hataki kusikia, na sisi tulijuana kwenye taarab ya harusi. Lakini nikiimba jikoni hanikatazi, hupunguza sauti ya redio.

KusiKaskazi: Mama, na darini alishuka lini?

MamaMahamri: Hilo la ndani mwanangu.

MzeeWaBao: Dawa ni kusafiri, mchukue mwenzio mtoke mji.

AbuuMokowe: Kusafiri ndiko kumeniharibia mimi. Mke wangu amerudi kutoka Saudia, watoto wamuona mgeni, nami simjui. Akaa na simu tu. Nianze wapi?

BintiShela: Kumbe. Pole kaka.

MamaMahamri: Anakunywa chai ukimpikia?

AbuuMokowe: Sijawahi kumpikia.

MamaMahamri: Kesho mpikie, tia iliki. Usimhoji kitu kwa sasa.

MzeeWaBao: Usisikize hayo, muulize leo leo yaliyompata huko, chai itapoa.