Mjadala: Shoga akipigwa au akibakwa, nani amsindikize polisi?

Mleta mada, Mombasa
Najua hoja hii itawachoma wengine. Hapa Kenya yapo makundi madogo yanayowasaidia mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia wanapopigwa, kubakwa au kufukuzwa nyumbani. Humsindikiza manusura hospitali na kituoni, humtafutia pa kulala na wakili, kisha huenda kuzungumza na mashekhe, wachungaji na polisi. Wengi mnaita hiyo kueneza ushoga. Mimi naona ni kazi ambayo serikali imeikimbia.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haichagui jinsia ya aliyebakwa. Lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachotumika kukataza ngono ya wanaume kwa wanaume, bado kina miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sasa kijana kabakwa. Ana saa 72 za kuanza dawa za kukinga VVU. Askari anamuuliza: mlijuana vipi? Ulifuata nini kwake usiku? Akisema kweli anaogopa kugeuzwa mshtakiwa. Na hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakapelekwa hospitali kupimwa njia ya haja kubwa ili upatikane ushahidi dhidi yao. Mahakama ya Rufaa ilikuja kusema Machi 2018 kwamba kupimwa huko ni kinyume cha Katiba.

Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za mashoga, alipouawa, Januari 2023, kesi ilifika mwisho: muuaji alipewa miaka 50, Desemba 2024. Marehemu haulizwi mlijuana vipi. Aliye hai ndiye anayerudi nyumbani na majeraha yake.

Mchangiaji, Kisauni
Ndugu yangu, hakuna dini inayoruhusu kumvamia mtu, hapo hatubishani. Ila usitufumbe macho. Eric Gitari alikuwa mkuu wa NGLHRC, shirika linalowapa watu hawa mawakili, na ni yeye aliyekwenda kortini kutaka kifungu cha 162 kifutwe. Mnaanza na bandeji, mnaishia kwenye sheria. Na mama aliyepigwa na mumewe anakaa dawati la jinsia la polisi mchana kutwa bila wakili. Hawa wana nini cha ziada?

Mleta mada
La Gitari ni kweli, na kwenda kortini ni haki yake kama ilivyo haki yako kumpinga. Mahakama ya Juu ilisema Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, kwamba kuwanyima NGLHRC usajili ni ubaguzi. Kifungu cha 162 hakikuguswa. Huyo mama naye apate wakili, nani kakataa? Lakini yeye akisema "ni mume wangu" hatiwi pingu.

Muuguzi, Kilifi
Niwe mkweli kwa pande zote. Kwa aliyebakwa nahitaji kujua saa ngapi, na ameumia wapi. Anampenda nani hakubadili dozi. Waambieni wasioge kabla ya kuja, na nguo waziweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki. Lakini ninyi wa uhamasishaji, acheni kufika mtaani na fulana na mabango. Dawa ni za siku 28. Jirani akishajua gari mlilokuja nalo ni la akina nani, mgonjwa wangu harudi.

Mzee, Mtwapa
Mimi nilikuwepo Februari 2010 umati ulipozingira kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, hapa kwetu, kwa uvumi tu wa harusi ya wanaume. Waliochochea walikuwa viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo kwa pamoja (mara ngapi mmewaona wakikubaliana?). Kwa hiyo kuzungumza nao si anasa. PEMA Kenya, shirika la Mombasa linalowatetea mashoga, wamekaa na maimamu na wachungaji wa pwani miaka mingi, na wapo waliobadili hotuba zao. Hawakubadili fatwa. Hotuba.

Mchangiaji, Kisauni
Mzee, shikamoo. Hilo naliweza. Nitasema baada ya swala kwamba kupiga watu ni haramu. Msinidai niseme zaidi.

Mleta mada
Sikudai. Ongeza sentensi moja tu: aliyepigwa aende hospitali, na asikamatwe akifika.

Mchangiaji, Kisauni
Ya kukamatwa mwambie OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siyo mimi.