Jinja: shifti ya saa 12, ovataimu hakuna, NSSF haionekani. Tuanzie wapi?

Mpakiaji_JJA
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri kwa niaba ya idara ya upakiaji, kiwanda kikubwa hapa Jinja, Uganda. Mshahara ni shilingi 500,000 kabla ya makato. Kazi ni saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, siku sita, mapumziko ya chakula saa moja. Ovataimu hailipwi, tunaambiwa imo ndani ya mshahara. Kreti zikivunjika, shifti nzima inakatwa. Karatasi ya mshahara inaonyesha NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) imekatwa, ila kwenye akaunti miezi minne haipo. Likizo tunapewa siku 14. Supavaiza anatukana watu hadharani. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Kuna wanaotaka tugome Jumatatu. Mnashauri nini?

Karani_wa_Hesabu
Jumatatu msigome. Tengeni kwanza mnachodai kisheria na mnachoomba, maana mkivichanganya kwenye barua moja, kampuni itajibu kile cha kuomba na kunyamazia kile inachodaiwa.

Kiwango cha 500,000 chenyewe ni cha kuomba. Kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini. Hapo hakuna afisa atakayewasaidia.

Ovataimu ni deni. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu za serikali mara mbili. Ninyi mkitoa saa ya chakula mnafanya 11 kwa siku, yaani 66 kwa wiki: 18 za ziada. Fanyeni hesabu hivi: saa 48 mara wiki 52, gawa kwa 12, ni saa 208 kwa mwezi. Shilingi 500,000 gawa kwa 208 ni kama 2,404 kwa saa. Mara moja na nusu ni 3,606. Mara 18 ni karibu 65,000 kwa wiki, au 281,000 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya mshahara inapotea kila mwezi!

Msiahidiane kwamba zote zitafika mfukoni. Pato linalozidi 410,000 hukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, asilimia 30, na NSSF asilimia 5 juu yake, kwa hiyo katika 281,000 mtabaki na kama 182,000. Halafu, hata kwa ovataimu inayolipwa, kikomo ni saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Wa shifti wanaweza kuzidisha siku moja moja, lakini wastani wa wiki tatu usivuke hapo. Saa 66 kila wiki hazikubaliki hata mkilipwa.

Nalongo_wa_Walukuba
Hilo la NSSF lisisubiri barua ya pamoja. Kila mtu apakue taarifa ya akaunti yake kwenye NSSFGo, programu ya mfuko huo ya simu, ailinganishe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi. Kwa 500,000 ninyi mnakatwa 25,000, mwajiri anaongeza 50,000, kwa hiyo inapaswa kuingia 75,000, kabla ya tarehe 15 kupita ya mwezi unaofuata. Mwezi usipoonekana, chukueni nakala hizo mbili mpeleke ofisi ya NSSF hapo Jinja. Wana wakaguzi wao, na deni linadaiwa kwa mwajiri pamoja na faini. Angalieni pia kama mchango unahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu. Posho na ovataimu zinaingia kwenye hesabu, na hapo ndipo kampuni nyingi hupunguza kimyakimya.

Mpakiaji_JJA
Asanteni sana. Na kreti? Na sisi tusio na mkataba, tuna haki kweli?

Mzee_Busoga
Mnayo, ndugu yangu. Mwajiri ndiye anayepaswa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Asipofanya hivyo kosa ni lake. Wekeni ushahidi mwingine: kitambulisho cha kazi, taarifa ya benki au ujumbe wa mobile mani, picha ya ratiba ya shifti. Kila mtu awe na daftari la saa ya kuingia na kutoka, aandike siku hiyohiyo. Daftari lililojazwa kwa mkupuo usiku mmoja linajulikana, kalamu ileile, mwandiko uleule.

Makato yanayoruhusiwa yametajwa na sheria: kodi, michango ya kisheria, na machache mengine kama ada ya chama cha wafanyakazi kwa ridhaa yako. Kreti zilizovunjwa na mtu asiyejulikana hazimo. Likizo ni siku 7 kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka.

Sasa utaratibu. Barua fupi kwa ofisi ya utumishi, kiasi kwa kila dai, nakala ibaki na mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga mhuri, ipelekeni mkiwa wawili na muandike tarehe na jina la aliyeipokea. Msipojibiwa, nendeni kwa afisa wa kazi wa Jinja. Siku 90 zikipita bila uamuzi wake, mnaweza kwenda Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi. Matusi yaandikwe kwa tarehe, maneno yenyewe na mashahidi.

Kijana_Bugembe
Barua zinaoza mafailini. Mgomo ndio wanaousikia.

Mzee_Busoga
Mgomo ni haki, Katiba inautaja. Lakini una taratibu zake, na mgomo wa ghafla unampa mwajiri sababu ya kufukuza aliyokuwa anaitafuta. Jiungeni kwanza na chama cha wafanyakazi kilicho chini ya shirikisho la NOTU au la COFTU. Hata hiyo nyongeza ya mshahara itapatikana kwa majadiliano ya chama.

Mpakiaji_JJA
Wakitufukuza kwa sababu ya barua?

Karani_wa_Hesabu
Kulalamika si sababu halali ya kufukuzwa, isipokuwa ionekane malalamiko hayana msingi. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kwenda na mtu unayemchagua, na kusikilizwa kabla ya uamuzi. Ukisimamishwa wakati wa uchunguzi, ni wiki nne zisizidi, kwa nusu mshahara. Usisaini barua ya kujiuzulu unayosukumiwa mezani. Ukifukuzwa, peleka lalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Usingoje hadi wiki ya mwisho.