Mandhari ya simuleta kwa picha za satelaiti: je, ni haki kugawa picha usizoruhusiwa kuzigawa?

Rubani wa Sebuleni (mleta mada):

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu mwezi uliopita, jamaa mmoja aliponitumia kiungo cha mandhari ya Tanzania kwa ajili ya X-Plane, programu ya kuigiza kurusha ndege (simuleta), yameshatengenezwa tayari, bure kabisa. Nikafungua kipande cha Dar. Ni kizuri, siwezi kusema uongo. Mto Msimbazi unauona ukijipinda mpaka Salenda, mabati ya Manzese yanametameta, na ukija kutua kutoka upande wa bahari unaijua mitaa kwa sura.

Shida yangu ni picha zenyewe. Ni za kampuni ya ramani ambayo masharti yake yanakataza waziwazi kupakua picha kwa wingi, sembuse kuzigawa. Aliyezigawa hakuandika hata zilikotoka. Nilipomuuliza akanijibu kwamba dunia ni ya Mungu na picha yake ni ya kila mtu.

Mimi nasema si haki, na nataka tulijadili hapa bila kutukanana.

Kwa wageni wa mambo haya: programu inayotumika sana, Ortho4XP, haina picha hata moja ndani yake. Unachagua mraba wa digrii moja kwa digrii moja, programu inavuta vipande vya picha kutoka kwenye seva za ramani, inaviunga, kisha inavitandika juu ya wavu wa pembetatu unaofuata milima na mabonde. Vimo vya milima hiyo mara nyingi vinatokana na rada ya chombo cha anga cha Endeavour, kilichoipima dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Juu yake zinawekwa barabara, miti na nyumba. Kwa hiyo kila anayerusha ndege anavuta picha mwenyewe, na anabeba dhamana mwenyewe. Ukishazifunga kwenye faili na kuzitandaza kwa watu elfu, umekuwa msambazaji wa mali ya mwingine.

Kuomba ruhusa si kazi bure, jamani. Novemba 2010 Microsoft waliwaruhusu wachoraji wa OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kuchora barabara na majengo juu ya picha za Bing, huduma yao ya ramani. Kuchora tu, picha yenyewe hairuhusiwi kunakiliwa. Mpaka huo umeheshimiwa miaka yote hii, na ramani ya watu wote imejengeka hadi vijijini kwetu. Sisi wa simuleta tunashindwa nini?

Na njia halali tunayo. Picha za satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya ni bure kwa kila mtu tangu 2015. Halafu kuna Zanzibar. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Benki ya Dunia walirusha droni juu ya Unguja na Pemba, wakapiga picha zenye pikseli (nukta moja ya picha) ndogo kufikia sentimita 7 ardhini, na nyingi zikawekwa OpenAerialMap, hazina huria ya picha za angani, kwa leseni inayotaka jambo moja tu: utaje zilikotoka. Mimi naijenga Unguja kwa hizo. Karibuni.

---

Mtu wa Bando:

Mkuu, nakuheshimu ila naomba kutofautiana. Unaongea kama mtu mwenye intaneti ya ofisini.

Piga hesabu. Hapa kwetu karibu na ikweta, kiwango cha 17 cha ukuzaji wa ramani kinatoa pikseli ya kama mita 1.2. Mraba mmoja wa nchi kavu tupu unakula takriban GB 6 ukishabanwa. Ukitaka kiwango cha 18, zidisha kwa nne. Sisi kwenye kundi letu tuko watano na tunarusha Mwanza, Kilimanjaro, Dar, Mtwara. Kila mmoja avute yake mara tano kutoka seva ileile, au mmoja avute wengine wanakili kwenye diski? Kwa kampuni, kuvuta mara tano ndiko kunawagharimu zaidi.

Usiniambie ninunue Microsoft Flight Simulator. Najua wao walipoitoa Agosti 2020 walitumia picha za Bing, mali yao wenyewe, kesi ikaisha. Lakini ile inavuta picha mtandaoni huku unaruka. Bando likiyumba, ardhi yote inageuka uji.

Na Sentinel-2 unayoisifia ina pikseli ya mita 10. Uwanja wenye njia ya kurukia ya upana wa mita 45, hapo una pikseli nne na nusu. Utatua kwenye nini?

---

Rubani wa Sebuleni:

Hesabu zako ni sahihi, zote. Mita 10 inafaa kwa anayepita juu futi 20,000 na kuendelea. Ukishuka inakuwa madoa. Ndiyo maana mimi naweka Sentinel-2 kama msingi wa nchi nzima, kisha picha za droni au nyingine zenye leseni pale penye viwanja tu.

Ila hoja ya diski sikubaliani nayo ilivyo. Watu watano wanaojuana si sawa na kiungo kilichowekwa hadharani. Hilo la watano siwezi kukuhukumu, ingawa masharti hayakutofautishi. Nililoleta hapa ni la hadharani, na bila jina la mwenye picha.

---

Mpima Ardhi:

Nimefanya kazi na picha za angani muda mrefu, na mmeacha jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hakimiliki. Picha ni ya siku moja. Ukiitandaza, umeigandisha siku hiyo kwa watu wote.

Mfano hapohapo Dar: jengo la tatu la abiria pale uwanja wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 1, 2019. Ukipata kipande kilichovutwa kutoka picha ya zamani, unaegesha ndege juu ya udongo mwekundu. Na asiyejua chanzo wala tarehe hana pa kuanzia kusahihisha.

Pwani ndiyo balaa lenyewe. Paje na Jambiani, maji yakikupwa unaona mchanga, mashamba ya mwani na vijia vya kina mama hadi karibu na mwamba. Yakijaa, hakuna kitu, ni buluu tupu. Kampuni ya ramani inaunga picha za siku tofauti, basi utakuta upande mmoja bamvua limekupwa kabisa, hatua mbili mbele bahari imejaa, na katikati mstari umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Programu nayo inauliza: hapa ni maji au nchi? Usipochora mwenyewe kinyago cha maji (mpaka unaoiambia wapi ni maji na wapi ni nchi), boti linaelea juu ya mchanga au mawimbi yanapiga shambani. Kazi hii inafanywa kwa mkono, na inamtaka mtu aliyewahi kusimama pale ufukweni.

Vivuli je? Picha ilipigwa saa nne asubuhi, kivuli cha minazi kimelala magharibi. Wewe unatua jioni na jua la simuleta liko upande huohuo wa magharibi. Mti una vivuli viwili. Ndege zilizokuwa zimeegeshwa siku ya picha zimebaki zimelala bapa kwenye lami kama mikeka.

Kwa hiyo msimamo wangu uko na mleta mada, kwa sababu nyingine: data ya wazi inasahihishika. Mnakumbuka lile ghorofa la Melbourne kwenye Microsoft Flight Simulator? Mtu aliandika ghorofa 212 badala ya 2 kwenye OpenStreetMap, simuleta ikachomoza mnara katikati ya mtaa wa nyumba za chini. Kwenye ramani yenyewe kosa lilisharekebishwa na mchoraji mwingine. Lililokwama ni nakala iliyochukuliwa na simuleta. Mandhari ya kwenye diski za watu ni nakala hivyohivyo.

---

Askari Mstaafu:

Mimi nauliza usalama. Kambi na viwanja vyetu kuonekana hivi, mnaona sawa?

---

Mpima Ardhi:

Afande, hilo halianzii kwenye simuleta. Tangu satelaiti ya IKONOS ipande angani 1999, picha za mita moja zinauzwa kwa mwenye pesa. Marekani iliwahi kutunga sheria 1996 ya kupunguza ukali wa picha za Israel zinazouzwa na kampuni zake, na mwaka 2014 ikaruhusu kampuni zake kuuza picha za kwingineko hadi sentimita 25. Maamuzi yanafanyika huko.

---

Mkaazi wa Mkunazini:

Assalaam alaikum. Naona mnazungumza haki za kampuni, na haki za dola. Mimi nakaa Mji Mkongwe, na picha hizo za sentimita 7 ni za kwetu. Hakuna aliyenibishia hodi.

Nyumba zetu zimejengwa makusudi zisionekane ndani. Ukuta mrefu, na ua katikati. Mwanamke anaanika nguo, anakaa bila mtandio, mtoto anaoga. Yule aliyejenga nyumba miaka hiyo alimziba jirani asione, hakuwaza mtu wa juu. Mimi sipingi upimaji. Ramani zile zimesaidia mambo ya ardhi na mipango ya mji. Lakini leseni aliitoa serikali, na ua ni wangu. Tanzania sasa ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022. Je, kutaja tu "picha zimetoka wapi" kunatosha?

---

Rubani wa Sebuleni:

Waalaikum salaam, dada. Nimekaa na ujumbe wako siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu nilikuja hapa nikijiona niko upande safi.

Kwa sentimita 7 kichwa cha mtu ni pikseli mbili tatu, sura haionekani. Nilitaka kukujibu hivyo nikaona halijibu ulichouliza. Kamba ya nguo inaonekana, mkeka unaonekana, na nyumba ni ya nani kila jirani anajua. Leseni ilinipa ruhusa ya kutumia, nami sikuwahi kujiuliza nyua ni za kina nani.

Na ukweli wa kiufundi ni kwamba rubani hahitaji sentimita 7. Unguja ina kama kilomita za mraba 1,666. Kwa sentimita 7 mandhari yake yangezidi GB 200, hakuna kompyuta hapa itakayoyabeba. Kwa sentimita 60 ni kama GB 3, na kwa rubani aliye angani zinatosha. Kwa hiyo nimeamua hivi: kisiwa kizima nakishusha hadi sentimita 60 kabla sijamtumia mtu yeyote, na faili za awali hazitoki kwangu. Mji Mkongwe nautoa kabisa kwenye picha za droni, nauweka kwenye mita 10 za Sentinel-2, juu yake nyumba za kuchora kutoka OpenStreetMap. Ni uwanja wa ndege tu, uzio hadi uzio, utakaobaki na picha kali.

Mtu wa Bando, GB 3 hizo nitakupa kwenye diski na majina ya wote waliopiga picha yakiwa ndani. Mpima Ardhi, naomba unisaidie kinyago cha maji upande wa Paje, maana nilichora kwa picha ya maji kujaa na sasa nina wasiwasi nimezamisha mashamba yote ya mwani.

---

Mkaazi wa Mkunazini:

Ahsante. Na upande wa Ng'ambo je? Huko nako kuna nyua.