Boti ya kifahari wiki moja Shelisheli, mwezi wa 8: ya injini au katamarani?

gati_la_pili:

Wakuu, habari za saa hizi. Tuko wanane, watu wazima sita na watoto wawili (miaka 9 na 12), na tarehe pekee inayotufaa ni wiki ya pili ya Agosti. Tuna ofa mbili mezani. Ya kwanza ni boti ya injini, mita 24, mabaharia wanne, euro 40,000 kwa wiki, halafu chini wameandika "APA 30%". Ya pili ni katamarani ya tanga (boti ya miili miwili iliyounganishwa), mita 15, nahodha na mpishi, euro 21,000, chakula kimo.

Tunafikiria Mahé, Praslin, La Digue, kisha tumalizie Aldabra tukaone wale kobe wakubwa. Njia hiyo inatosha siku saba? Hiyo APA ni nini hasa? Na siku ya kukabidhiwa boti tukague nini?

omo_na_tezi:

Aldabra ifute kabisa. Iko zaidi ya kilomita 1,100 kusini-magharibi ya Mahé, yaani kama maili 600 za baharini. Kwa mwendo wa noti 9 (maili 9 za baharini kwa saa) ni saa 67 bila kusimama, kwenda tu. Huko watu hufunga safari ya peke yake, yenye vibali vyake. Kama shida ni kobe, Curieuse wanatembea huru ufukweni, na kisiwa chenyewe kiko pua na mdomo na Praslin.

Kikubwa kwenu ni upepo. Agosti ni kusi iliyokomaa: kusini-mashariki, noti 15 hadi 25, siku baada ya siku. Vimbunga visiwahofishe, visiwa vya ndani (Mahé, Praslin, La Digue na jirani zake) viko karibu mno na ikweta. Kama tarehe zingekuwa zinasogezeka ningesema nendeni tanga mbili, Aprili au mwishoni mwa Oktoba, bahari inapokuwa shwari na maji yanaangaza mpaka chini. (Kaskazi ya kule hutokea kaskazini-magharibi, maana ikivuka ikweta inapinda. Anayeijua ya pwani ya Mombasa asichanganye.)

Kwa kusi, pangeni malazi upande wa kaskazini na magharibi wa visiwa. Beau Vallon na Baie Ternay kwa Mahé, Anse Lazio kwa Praslin. Grand Anse ya La Digue inatazama kusi uso kwa uso. Ni ya kutembelea kwa miguu au baiskeli, si ya kutia nanga. La Digue yenyewe mnaingilia La Passe, upande wa magharibi. Bandari ni ndogo, boti huangusha nanga mbele na kufunga tezi (nyuma ya boti) nchi kavu kwa kamba, hivyo fikeni mapema kabla nafasi hazijajaa.

Kutoka Mahé mpaka Praslin ni maili 25 hivi kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo kusi inawapiga ubavuni njia nzima, kwenda na kurudi. Katamarani hailali upande kama boti ya mkuku mmoja (mkuku ni uti wa chini wa boti), ila inatikisika kwa mishtuko mifupi, na kuna watu inawachosha zaidi. Boti ya injini isiyo na mitambo ya kuzuia mrama itawayumbisha vibaya zaidi. Waulizeni kama inayo, na kama inafanya kazi hata boti ikiwa imetia nanga. Nyingine hufanya kazi ikiwa mwendoni tu.

maji_mafu:

Nijibu la pesa, maana ndiko watu wanakoumizwa.

Hizo 40,000 ni za boti na mabaharia. APA ni fedha ya matumizi mnayomkabidhi nahodha kabla ya safari: mafuta, chakula, vinywaji, ada za hifadhi na bandari. 30% ya 40,000 ni 12,000. Ni fedha yenu, si malipo yake. Anatakiwa kuweka hesabu yenye risiti, mkiomba awaoneshe hata katikati ya wiki, na inayobaki mnarudishiwa. Ikiisha kabla ya wiki kuisha mnaongeza. Juu ya hapo kuna bakshishi ya mabaharia, kwa kawaida 5% hadi 15% ya bei ya kukodi, haimo kwenye APA. Ongezeni na kodi ya serikali kama haimo kwenye ofa. Mkijumlisha mtaona mnazungumzia euro 55,000 au zaidi.

Mafuta yanawachanganya wengi. Chukulia boti ya ukubwa huo inakunywa lita 250 kwa saa ikikimbia noti 20, na lita 50 ikienda noti 9. Mahé–Praslin kwa noti 20 ni saa 1 na robo, zaidi ya lita 310. Kwa noti 9 ni chini ya saa 3, lita 140 hivi. Wiki nzima ya visiwa vya ndani haizidi sana maili 100, kwa hiyo mkienda polepole injini kuu zinatumia lita 550 tu. Jenereta sasa: lita 8 kwa saa, saa 24, siku 7, ni lita 1,344! Kiyoyozi cha mchana kutwa, milango ikiwa wazi, kinakula kuliko safari yenyewe. Ombeni takwimu halisi za boti yenu, zote mbili, kabla ya kusaini.

Mkataba ukiwa wa mtindo wa MYBA (chama cha madalali wa boti za kifahari), nusu inalipwa mkisaini na nusu ya pili pamoja na APA mwezi mmoja hivi kabla. Ombeni nakala ya leseni ya kubeba abiria wa kukodi na ya bima, jina la boti lifanane na la kwenye mkataba. Na ikija barua pepe kwamba "akaunti yetu imebadilika", msitume hata senti. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo.

Katamarani: ulizeni nahodha na mpishi wanalala wapi. Wanane mnahitaji vyumba vinne. Kama wao hawana chao, nahodha atalala sebuleni na ninyi mtanyata kila usiku.

gati_la_pili:

Asanteni sana, Aldabra imeshafutwa. Tunaelekea kwenye katamarani. Kuna mtu kasema tukichukua bila nahodha tunaokoa pesa nyingi, na mmoja wetu ana cheti cha kuendesha. Mnaonaje?

boya_jekundu:

Kwa cheti na kumbukumbu za safari atapewa. Kwa Agosti, na watoto, mimi ningebaki na nahodha. Ugumu wa kule uko kwenye kutia nanga kuliko kwenye kusafiri. Chini kuna mchanga, matumbawe na majabali ya matale, vyote ndani ya ghuba moja. Nanga haitakiwi kugusa matumbawe, na penye boya la hifadhi mnafunga boyani. Ingieni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa juu au nyuma yenu, mmoja asimame omo (mbele ya boti) na miwani ya kukata mng'ao. Jua likiwa usoni, mwamba na maji ya kina vinafanana. Mikataba ya bila nahodha kwa kawaida inakataza kusafiri usiku, na kule saa 12 na nusu jioni jua limeshazama.

Hata mkiwa na nahodha, hesabu ya mnyororo ijueni. Kipimo cha kina kinasoma mita 5 maji yakiwa yamekupwa. Ongeza 1.5 ya maji kujaa, 1.5 ya urefu wa omo juu ya maji: 8. Zidisha mara 5, shusha mnyororo mita 40. Lakini uliza kwanza kipimo kinaanzia wapi. Kama kinasoma kuanzia chini ya mkuku, kuna mita 1.3 hivi hazikuhesabiwa, na mnyororo unaotakiwa ni 46 au 47. Hizo sita ndizo zinazofanya boti iburute nanga saa 8 usiku, kusi ikikaza. Baada ya hapo fungeni kamba mbili, moja kila upande wa omo, zishike mnyororo. Winchi ni ya kuvutia nanga, haikuundwa kushikilia boti usiku kucha, meno yake yanakatika.

Ukaguzi wa siku ya kwanza: washeni injini zote mbili, mwende tezi mtazame bomba la moshi. Maji yatemwe kwa mikupuo, kwa nguvu. Yakitiririka kama ya kettle, ama majani yameziba pa kuvutia maji, ama gurudumu la mpira la pampu limekatika meno. King'ora cha joto kinalia mambo yakiwa yameshaharibika, msikitegemee. Shusheni nanga mita 10 na kuivuta. Piga picha mikwaruzo, saa za injini na geji za mafuta. Jaribuni kila choo. Karatasi haziingii, na kuziba kwake mnalipa ninyi.

omo_na_tezi:

Nyongeza mbili. Kisiwa cha Cousin, hifadhi ya ndege karibu na Praslin, hamshuki kwa boti yenu ndogo: walinzi wanakuja kuwachukua kwa zao, ili panya wasiwafikie ndege hao, na ni asubuhi tu, kwa hiyo nahodha aagize mapema. Na bunduki za kuchomea samaki zimepigwa marufuku nchi nzima, ziacheni nyumbani.

Watoto wapewe dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya kung'oa nanga, siyo wakishaanza kutapika. Mabegi yawe laini. Sanduku gumu halina pa kuwekwa humo ndani.