Vipimo vimetoka safi, lakini nikisoma maoni ya watu kuhusu kisukari silali

mmenya_chungwa:

Wana jukwaa salaam. Mimi ni kijana wa Tanga, namenya machungwa ya Muheza pale stendi ya Kange. Atakayecheka acheke, ila akimaliza anijibu.

Ilianza na video ya daktari mmoja akieleza dalili za kisukari. Video yenyewe haina neno, kaongea kwa upole, akamalizia kwa kusema mwenye shaka akapime. Balaa liko chini kwenye maoni. Huko hakuna mgonjwa aliyepona wala mtu aliyepimwa akakutwa mzima. Mmoja kaandika ukiamka usiku mara mbili kukojoa, jihesabu. Mwingine kaandika ganzi ya vidole maana yake mishipa imeshaliwa. Mimi nashika kisu tangu alfajiri, ganzi ya vidole naijua kuliko jina la mwenye nyumba wangu, lakini usiku ule nikaihisi kama imeingia leo.

Halafu akaja wa sisimizi. Anasema kojoa chini, subiri, sisimizi wakikusanyika unayo. Basi mtu mzima mwenye ndevu natoka uani usiku na tochi ya simu, nainama, nangoja. Wakija, usingizi ndio umekwenda. Wasipokuja najiambia labda sisimizi wa Mikanjuni wameshiba muhogo.

Sababu ya kuogopa ninayo, sijaitoa hewani. Baba yangu mdogo alikuwa na sukari, akakatwa mguu, hakukaa sana baada ya pale. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba kwenda chooni.

Sasa jamaa yangu wa bodaboda, mama yake ana kile kipimo cha kidole. Akaniletea mpaka mezani. Nilikuwa nimeshakunywa chai na chapati na kazi imekolea, nikafuta mkono kwa kitambaa, akanichoma. Ikasoma 10.6. Meza niliiacha vilevile, machungwa wakayatazama wenzangu.

Kesho yake nikaenda zahanati sijala kitu. 5.1. Daktari akasema huna sukari, nenda kafanye kazi. Nikatoka nimekuwa mwepesi, nikanunua mpaka kashata. Jioni nikarudi kwenye yale maoni, nikakuta mtu kaandika: "Kipimo cha asubuhi kinadanganya, mimi yangu haikuonekana mpaka nilipoanguka." Nikawa nimerudi palepale.

Nimerudia kupima sehemu nyingine, majibu ni hayohayo, na amani yake haidumu. Mama anasema nikiendelea hivi atanipandisha gari la Korogwe nikaishie Lutindi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Anatania, lakini si sana.

Sitaki kutajiwa dalili, zote nimezihifadhi. Ninachouliza ni hiki: mtu akishaambiwa ni mzima, anafanyaje mpaka moyo nao ukubali?

kijiwe_cha_saa_kumi:

Uza simu, nunua baiskeli.

mtu_wa_maabara:

Kaka, mimi ni wa maabara, si daktari, kwa hiyo nitagusa namba tu.

Hiyo 10.6 ndiyo imekuharibia, na nadhani najua ilikotoka. Umemenya machungwa tangu asubuhi, umefuta mkono kwa kitambaa, ukachomwa. Maji ya chungwa yana sukari. Yakikauka kwenye ngozi, sukari inabaki palepale kwenye ncha ya kidole, na tone la damu linapotoka linaichukua. Kipimo kinanyonya tone dogo mno, nacho hakina namna ya kujua sukari ipi ni ya damu na ipi ni ya Muheza. Hata pamba ya spiriti haitoshi mkono ukiwa na maji ya tunda. Ni maji na sabuni, kisha ukauke kabisa. Tena ulikuwa umetoka kula chapati. Majibu yale hayafai hata kuandikwa kwenye daftari.

5.1 ya kufunga ni habari nyingine (namba hizi za sukari ya damu ni milimoli kwa lita). Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyekaa angalau saa nane bila chakula akiwa chini ya 6.1 yuko kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 anaangaliwa kwa karibu. 7.0 kwenda juu ni kisukari, na hapo napo, asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kabla ya kupewa jina la mgonjwa. Ukipimwa ovyo bila kufunga, mpaka ni 11.1 pamoja na dalili zenyewe.

Huyo wa "kinadanganya" ameshika mkia wa jambo la kweli. Wapo ambao asubuhi wako sawa na sukari yao hupanda baada ya kula. Kwa hao kuna kipimo kinachoitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, hakijali umekula nini asubuhi. 6.5 kwa mia kwenda juu ni kisukari. Ukitaka, muulize daktari.

Sisimizi waache na maisha yao. Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo damu ikifika kama 10 hivi, kwa hiyo hata mgonjwa anaweza kukojoa wasije. Na wao hufuata vitu vingi uani kwa watu. Matabibu wa India ya kale waliwategemea kwa kuwa maabara hawakuwa nayo.

tiba_asili_original:

Ndugu usihangaike na hospitali. Nina mchanganyiko wa mizizi unamaliza sukari kabisa, njoo faragha tuongee bei.

mtu_wa_maabara:

Ana 5.1. Unamaliza nini?

usiku_mrefu:

Niko Pangani. Mimi yangu ilikuwa moyo. Nimepimwa moyo na kila kifaa kilichopo na nikitoka mlangoni tu nahisi umeruka. Kwa hiyo mmenya_chungwa sikucheki, ila nitampinga kidogo ndugu wa maabara.

Usimwongezee kipimo, mkuu. Si kwamba HbA1c ni mbaya. Daktari akiona inafaa, kwa kuwa sukari ipo kwenye ukoo wao, aiandike, ipimwe, basi. Lakini akienda kuitafuta kwa sababu fulani ameandika kitu usiku, atapata nafuu siku mbili, kisha atatokea mwingine aandike kwamba nacho kinadanganya. Nafuu ya kupima kwa watu kama sisi ni kama kukuna upele: inapendeza wakati unakuna.

Na kuna jambo ambalo hawa wa kwenye maoni hawakwambii, hofu yenyewe inatengeneza dalili. Ukiogopa unapumua haraka bila kujua, hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, na vidole vinafa ganzi, hata midomo. Ukiogopa mate yanakauka, unasema hiyo ni kiu ya sukari, unakunywa maji, ukinywa unaamka kukojoa, ukiamka unahesabu. Hapo ushapata dalili nne na kongosho lako liko salama.

Kilichonisaidia nilikipata kitengo cha afya ya akili, hospitali ya rufaa. Nilikwenda kwa aibu, nimevaa kofia. Nilidhani nitaambiwa acha kuogopa. Sikuambiwa hivyo. Niliambiwa nicheleweshe. Yaani hamu ya kuangalia ikija, usijikataze, sema nitaangalia baada ya nusu saa, halafu shika kazi ya mikono. Nusu saa ikifika, mara nyingi hamu imepungua. Isipopungua, ongeza nusu nyingine. Mwanzoni ilikuwa mateso, jasho linanitoka. Baadaye nikaanza kusahau kwamba nilikuwa nangoja.

La pili, karatasi yenye mistari miwili. Mmoja unaandika ulichokiona, mwingine ulichokidhania. "Vidole vina ganzi" ni wa kwanza. "Mishipa imeliwa" ni wa pili. Usiongeze wa tatu wa kubishana.

La tatu ni la simu. Ile programu haijui kwamba unaogopa, inajua kwamba umekaa hapo muda mrefu, basi inakuletea nyingine. Video ya kisukari ikija bonyeza kwamba hutaki kuona za aina hiyo, na kwenye maoni usishuke kabisa. Waliopimwa wakakutwa wazima hawarudi kuandika, wamekwenda zao kula kashata kama wewe.

Mama_Makorora:

Marahaba kwa wote ambao hamjanisalimu.

Nimesoma mpaka mwisho nikasema leo na mimi niandike. Mwanangu mmenya, hicho unachokiota usiku ndicho mimi ninachoishi nacho mchana. Nina sukari tangu mwanangu wa mwisho yuko darasa la kwanza, na sasa yeye mwenyewe ana mtoto shuleni. Nameza metformin yangu, vidonge vya kushusha sukari, baada ya kula, kliniki naenda siku yangu, sokoni naenda kwa miguu. Miguu hiyo ni miwili, yote yangu. Kila usiku naikagua, unyayo nautazamia kwenye kioo, nikiona mchubuko hata wa kokoto siungojei kesho.

Kuhusu baba yako mdogo, Mungu amrehemu. Kamuulize mama yako kidonda kilikaa muda gani nyumbani kabla hakijaonekana na daktari. Sisemi kwa kulaumu, hata mimi nilikandwa majani siku za mwanzo. Sukari haimkati mtu mguu kwa usiku mmoja. Inaua hisia ya mguu polepole na damu inafika kwa shida, mtu anajikata hajui, kidonda kinaoza kimyakimya, na huku jirani anamletea unga wa mizizi. Mguu unaondoka kwa njia hiyo, na katika kila hatua kuna mahali pa kuizuia.

Ninaloliudhikia mimi ni hawa waandikaji. Wanadhani wanawatisha wazima tu. Kuna mwenzetu kliniki aliambiwa aanze sindano, akakataa, kasoma kwamba insulini ukiichoma umekwisha. Aliletwa baadaye kabebwa, hajitambui. Siku ya Kisukari, 14 Novemba, walitueleza ile tarehe ni ya kuzaliwa Banting, mmoja wa waliogundua insulini huko Kanada mwaka 1921, na kwamba kabla ya hapo mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa wa kuzikwa. Leo mtu kakaa kibarazani na bando lake la mia tano anaandika sindano inaua! Metformin nayo wanasema inaua figo. Figo zinauliwa na sukari isiyotulizwa. Dawa ile daktari huipunguza au kuisimamisha figo zikishachoka, basi watu wakaona mzee kaachishwa dawa na figo hana, wakapanga wenyewe.

Na wewe, kila ukitoka uani na tochi yako unatuambia sisi kwamba maisha yetu ni ya kutisha hivyo. Sikukasirikii. Nakwambia tu.

kijiwe_cha_saa_kumi:

Shikamoo mama. Nimefuta ya baiskeli moyoni.

mmenya_chungwa:

Shikamoo Mama_Makorora, na samahani kwa kuchelewa, mabasi ya Dar yalifuatana.

Mama nimemuuliza. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kidonda kilianza Ramadhani, kwa mwiba wa mkonge, na hospitali walimpeleka Idi ya kuchinja imeshapita. Mimi nilikuwa mdogo, nilikumbuka mguu tu, hayo ya kabla sikuwa nayajua. Tumekaa tukaongea kuhusu baba mdogo kwa mara ya kwanza tangu azikwe, na sukari hatukuitaja sana, tuliongea alivyokuwa akishangilia Coastal Union mpaka anapotewa sauti.

mtu_wa_maabara, hiyo ya maji ya chungwa nimeicheka peke yangu mezani, abiria akadhani namcheka yeye. Nimemwambia yule wa bodaboda, naye akaniambia mama yake huuza maandazi na hupimia hapohapo akikanda. Kwa hiyo umetibu na mwingine.

usiku_mrefu, ya kuchelewesha nimeijaribu. Jana nimeshindwa, nikaingia, nikasoma, nikatoka na tumbo linanguruma. Leo nimepitisha. Karatasi sijaiandika, mwandiko wangu na mikono hii hauelewani, nitarekodi kwa sauti kama inaruhusiwa. Daktari nitamuuliza hicho kipimo cha miezi mitatu nikienda kwa tarehe aliyonipa, si kabla.

Mama, swali moja. Umesema mguu unaukagua. Mimi kazini navaa kandambili mwaka mzima, je, nami niache?

usiku_mrefu:

Sauti inaruhusiwa. Ila usiisikilize tena usiku.

Mama_Makorora:

Marahaba mwanangu. Mimi ndiye ninayejifunika vidole, kwa sababu hisia ya unyayo wangu imepungua. Wewe huna sukari, vaa kandambili zako, ila visu usivitupe chini ya meza. Nikipita Kange nitakutafuta. Chungwa nakula moja, tena zima na nyama zake, ukinikamulia juisi tutagombana.