Picha ilikadiriwa dola 150,000 ikauzwa milioni 2.4. Wakadiriaji hawakujua kazi?

Binti wa Matrah
Assalaam alaykum jamani. Niko Maskati, bosi wangu anakusanya picha za wachoraji wa Kiarabu. Ameniazima katalogi ya zamani ya mnada wa Christie's, Dubai, Aprili 2010. Humo kuna mchoro wa Mmisri Mahmoud Said, "Les Chadoufs" wa 1934: wakulima wanapandisha maji kwa ule mti mrefu unaoinama na kuinuka. Katalogi inasema dola 150,000 hadi 200,000. Pembeni bosi kaandika kwa kalamu: 2,434,500. Hii imekuwaje? Na nani anayetaja bei yenye vichenji vile mnadani? Halafu mjomba wangu ana picha aliyoinunua Cairo, ina saini ya huyu huyu. Aiuze?

Fundi Makasha
Waalaykum salaam dada. Mimi natengeneza makasha ya kusafirishia picha hapa Dubai. Sura za picha nazijua kiasi, migongo yake ndiyo nimeizoea.

Vichenji kwanza. Nyundo iligonga kwenye 2,100,000 kamili. Juu ya hapo mnunuzi anailipa nyumba ya mnada ada yake, na wakati ule ilikuwa asilimia 25 kwa elfu hamsini za kwanza, 20 kutoka hapo mpaka milioni moja, 12 kwa kinachozidi. Yaani 12,500 na 190,000 na 132,000. Jumlisha, unapata 334,500. Makadirio ya katalogi hayana ada hiyo ndani, kwa hiyo bosi wako kaweka pamoja namba mbili zisizolingana. Hata ukiitoa, pengo bado ni la kutisha.

Sasa hayo makadirio. Muuzaji na nyumba ya mnada wanapatana kwa siri bei ambayo chini yake picha haitoki, na kwa desturi haizidi kadirio la chini. Kadirio likiwa dogo, watu wengi wanajitokeza kujaribu. Lakini kuipandisha bei hakuhitaji umati, wanatosha wawili wenye uwezo ambao kila mmoja hataki kumwachia mwenzake.

Kwa nini wagombee hii? Mahmoud Said alikuwa hakimu Alexandria, mtoto wa waziri mkuu, na Malkia Farida wa Misri alimwita mjomba. Aliacha mahakama 1947 akabaki na brashi zake. Hakuchora ili apate unga, na kazi zake nyingi nzuri ziko kwenye makumbusho ya Misri, ikiwemo nyumba yake mwenyewe Alexandria. Hizo hazitoki. Hii ilitoka kwa Mohammed Said Farsi, aliyekuwa meya wa Jeddah, yule aliyeujaza mji ule masanamu yaliyotengenezwa na wasanii mashuhuri kina Henry Moore na Miró. Mkusanyo wake ulijulikana, ulikwisha kuchapwa kitabuni. Picha ya namna hiyo unainunua unalala usingizi. Oktoba mwaka ule ule, picha nyingine ya Said, ya madarweshi, ya 1929, kutoka kwa Farsi huyo huyo, ikafika 2,546,500.

Msharika
Mnazungushana. Ni hela za mafuta tu. 2010 hiyo hiyo makumbusho ya sanaa ya Mathaf yanafunguliwa Doha, taasisi ya sanaa ya Barjeel inaanza hapa Sharjah, kila mwenye ukuta anataka ujae. Na mchoraji maskini kafa 1964, hakuonja hata senti.

Fundi Makasha
Hela zilikuwepo, sikatai. Lakini wenye hela hao hao hukaa ukumbini picha ikapita na mkono usiinuke, nasi tukairudisha ndani ya kasha lile lile tulilolifungua. Na huyo "maskini" alikuwa mtoto wa pasha, bwana!

Binti wa Matrah
Nimeelewa ya namba, ahsante. Ya mjomba je? Kanunua kwa muuza vitu vya kale, risiti hana.

Fundi Makasha
Asiiuze kwanza, wala asiisafishe, hata kwa kitambaa kikavu. Igeuzeni mpige picha mgongo mzima: mbao, misumari, lebo za maonyesho, mihuri, maandishi ya penseli. Pimeni urefu na upana bila fremu. Misumari mipya peke yake haithibitishi kitu, turubai huwambwa upya. Saini pia isiwadanganye, ndiyo inayoghushiwa kwa urahisi kuliko vyote. Halafu kuna orodha ya kazi zake iliyokusanywa na Valérie Didier Hess na Hussam Rashwan, vitabu viwili vizito. Huyo bosi wako lazima anavyo. Tafuteni humo kwa vipimo, siyo kwa jina, maana majina ya picha hubadilika kila inapobadili mikono. Isipokuwemo, na risiti hakuna, sioni nyumba kubwa ya mnada itakayoipokea.

Ukiweka picha za mgongo hapa nitazitazama, ila ziba jina la mjomba kama limeandikwa.